Mbao Arobaini za Zubeda

Sehemu ya kumi na moja: Bega

Tulimwacha Zubeda mchangani Baraka, mkono hewani, mdomo wazi. Watu wamejaa ufukweni. Boti ya tatu ya kampuni imevuliwa turubai, rangi bado inanuka. Na pale kwenye pua ya boti, mahali ambapo hapajawahi kukaa mkono mwingine ila wake, pamewekwa mkono wa mwanamke. Kucha nyekundu. Pete ya dhahabu.

Wiki nzima mmenitumia ujumbe. Msomaji mmoja wa Uvira ameapa kwamba mkono ule ni wa Adolphine, yule wa mgahawa. Mwingine wa Fizi anasema hapana, ni wa mwalimu Immaculée. Poleni sana. Nyinyi na Zubeda mnaumwa ugonjwa mmoja.

Mkono ulikuwa wa Constance, mnunuzi wa dhahabu kutoka Misisi.

"Toa mukono," Zubeda alisema.

"Juu ya nini, sababu gani?"

"Nasema toa mukono yako kwa boti yangu!"

"Boti yako?" Constance hakutikisika. "Mama Zubeda, hii boti iko ya batu wote."

Kwa aliyeingia leo nitaeleza upesi, maana hawa wawili hawatatusubiri. Zubeda alianza na biashara ya ndagala, samaki wadogo wa kukausha. Akapata fedha, akaona wasafiri wanavyoteseka ziwani, akafungua kampuni ya boti pamoja na mumewe, Useni. Fedha zao hazikutosha, wakauza hisa kwa watu wote: Baraka, Mboko, Ubwari, yeyote mwenye chochote. Ukinunua hisa moja, jina lako linapakwa rangi ndani ya boti, juu ya ubao mmoja. Ndiyo maana huko hakuna anayesema hisa. Wanasema ubao. Fulani ana mbao mbili, fulani ana mbao tano.

Na siku ya kushusha boti majini, mwenye mbao nyingi kuliko wote ndiye anayeweka mkono kwenye pua. Wengine wanavuta kamba. Mkono wa mbele si heshima tu. Huo ndio unaochagua mkurugenzi wa mwaka, na ndio unaosema boti zitatia nanga wapi.

Miaka yote ulikuwa mkono wa Zubeda, na miaka yote alimchagua Useni kuwa mkurugenzi. Msidhani ni kwa uhodari wake. Mkurugenzi hushinda ofisini, na dirisha la ofisi linatazamana na dirisha la Zubeda.

Sasa mnaelewa kwa nini mwanamke huyu alikuwa anapiga kelele. Ukimnyang'anya Zubeda mkono wa mbele, umemnyang'anya boti, na umefungua dirisha mume aruke.

"Useni!" Zubeda aligeuka. "Useni, kuja hapa! Huyu mwanamuke ulimupa nini?"

Useni akaja, kanzu yake nyeupe, viatu mkononi. Ni mwanamume mzuri, hilo lazima nikiri hata kama sijampenda tangu sehemu ya pili. Alisimama hatua chache, kama mtu anayepima moto.

"Bibi yangu, sikumupa kitu."

"Ulimupa mbao!"

"Sikumupa."

"Kwa hiyo alizitosha, alizitoa wapi? Mbinguni? Mukono haikai pale bila mbao! We na huyu mulianza lini? Misisi ulienda kufanya nini mwezi wa Ramadhani?"

Watu wakaguna. Wengine wakasogea karibu, maana ugomvi wa ndoa ukisikiwa kwa mbali haushibishi.

Constance akacheka. Kicheko chake kilikuwa kifupi na hakikuwa na haya.

"Mama Zubeda, sikia. Bwana yako simutaki. Kila swali unalifungaka kwa suruali ya Useni. Mi natafuta boti."

Ufuko mzima ukapasuka kwa kicheko. Zubeda alihisi uso unawaka. Ningekuwa mimi ningekaa chini, lakini Zubeda ni Zubeda. Akapanda juu ya jiwe la kufungia kamba, akaita kwa sauti ya sokoni.

"Papa Casimir! Leta ile chombo yako ya kusemea! Bahesabu mbao zangu mbele ya watu!"

Casimir ni katibu wa kampuni, mwalimu mstaafu, mtu anayependa kipaza sauti kuliko chakula. Siku hiyo, ajabu, alikuwa amejificha nyuma ya mapipa ya mafuta. Wakamtoa.

"Mama," alisema, kipaza sauti kikikoroma, "mbao zako ziko arobaini."

"Munasikia? Arobaini! Mwaka wa kwanza nilikuwa na ngapi?"

"Arobaini."

"Kuna mutu aliiba hata moja?"

"Apana. Hakuna."

Zubeda akashuka kwenye jiwe, kidevu juu. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha. Kila mwanzo wa msimu aliingia ndani ya boti ya kwanza, akapitisha kidole juu ya jina lake, ubao kwa ubao, toka pua mpaka tezi. Ziko zote. Anatoka ameridhika, anakwenda zake. Ndani ya boti ya pili hakuwahi kuchungulia. Ya nini? Mbao zake haziko humo.

Hapo ndipo alipokosea, msomaji, na usimcheke. Nusu ya wenye mbao pale ufukweni walikuwa wanahesabu vilevile.

"Sasa mi nitakuhesabia," Constance alisema polepole, "sababu we unahesabuka mbao yako tu, hauhesabuke urefu ya boti."

"Nani alikuuliza?"

"Boti ya kwanza, mbao yote ilikuwa mia. Yako arobaini. Kweli ao uongo, Papa Casimir?"

"Kweli," Casimir alisema. Kipaza sauti kilikuwa kimeshuka mpaka tumboni.

"Hapo ulikuwa mukubwa. Kukakuja boti ya pili. Kampuni ikauzisha mbao zingine sitini. Yote ikakuwa mia na sitini. Zako?"

Zubeda aliangalia pua ya boti.

"Arobaini," watu walijibu kwa niaba yake.

"Boti hii ya tatu, bakaongeza mbao makumi tisa. Yote ikakuwa mia mbili na makumi tano. Zako?"

"Arobaini!" Safari hii walikuwa wengi zaidi, na wengine walisema wakicheka.

"Mama, hakuna mwizi. Ukipika majani ya sombe, ukatia chumvi yako kijiko moja, kiisha batu bakaendelea kutia maji, chumvi hakuna mutu alitosha. Lakini onja."

Hata Casimir aliangalia vidole vya miguu yake.

"Na we?" Zubeda aliuliza. Sauti ilikuwa imepungua. "We uko na ngapi?"

"Boti ya pili nilinunua makumi mbili. Hii ya tatu nilinunua makumi tatu."

Hamsini. Mtoto wa darasa la pili angejua. Hamsini kwa arobaini.

"Mbona sikukuona?"

"Jina yangu iko ndani ya boti ya pili, kubwa, rangi ya manjano. Haukuangaliaka."

Kisha Constance akasema jambo ambalo halikutarajiwa na mtu. Aliondoa mkono kwenye pua ya boti kwa kitambo, akafuta jasho la shingo, na uso wake ukabadilika.

"Siku ya boti ya kwanza nilikuwa hapa. Pale, kwa ule muti. Nilikuwa nauzisha mandazi, kitenge yangu imepasuka huku nyuma. Nikakuona umevaa pagne ya bleu, mukono kwa pua ya boti, bamama banakupigia kelele ya furaha. Nilikuonea wivu mpaka nikagonjwa. Nilirudia Misisi na mandazi yote, sikuuza hata moja. Toka ile siku nakuhesabu, Mama Zubeda. Kila assemblée, kila mukutano ya kampuni, nilikuwa nyuma, nasikiliza. Kila mara banaongeza mbao, nafanya hesabu: sasa amebakia na fasi gani? Sasa je?"

Zubeda alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Unajua inavyokuwa kugundua kwamba miaka yote ulipokuwa unamchunga mtu, kulikuwa na mtu anakuchunga wewe? Moyo unapoa ghafla.

Lakini swali lilibaki, na aliyeliuliza alikuwa mama mmoja wa Ubwari, Godelieve, mwenye mbao tatu na ulimi wa mbao mia.

"Papa Casimir, bakiongeza mbao, bakubwa ba zamani habaulizwake kwanza?"

"Banaulizwaka," Casimir alisema, na sasa alionekana amepata nguvu, maana kosa halikuwa lake. "Sheria ya kampuni inasema: mbao mupya ikitoka, ba zamani njo banapashwa kuulizwa wa kwanza, kusudi kila mutu abakie na fasi yake. Boti ya pili nilimuuliza Mama Zubeda. Boti ya tatu nilimuuliza tena."

"Akasema nini?"

Zubeda alifumba macho. Alikumbuka.

Mwaka wa boti ya pili alikuwa na fedha. Alikuwa nazo tayari, zimefungwa kwenye kitambaa. Mkutano ulikuwa katikati, Casimir anasoma, mara jirani akamnong'oneza: Useni amekula samaki mbichi wa kukaanga kwa Adolphine, siku tatu mfululizo, na Adolphine amemchagulia kichwa cha samaki. Kichwa! Zubeda aliinuka na kitambaa chake. Fedha zile alifungulia mgahawa, mlango kwa mlango na Adolphine, ili amfilisi. Mgahawa ulikufa kabla ya mvua za pili. Adolphine bado anakaanga.

Mwaka wa boti ya tatu alikuwa nazo tena. Akasikia habari za mwalimu Immaculée, kule Fizi. Useni alipanda Fizi mara nyingi mno, eti kwa kazi ya kampuni. Basi Zubeda akapanga nyumba Fizi, mlimani, dirisha linaelekea shule, akakaa huko msimu mzima anachungulia. Aliyoyaona ni Immaculée anafundisha, Immaculée anafua, Immaculée anakwenda misa. Siku Casimir alipompigia simu kuhusu mbao mpya, alimjibu: "Papa Casimir, usinisumbue, niko na kazi."

Mbao hakuibiwa. Alizinunulia wivu.

"Alisema iko na kazi," Casimir alitangaza kwenye kipaza sauti, mpumbavu yule.

Hapo Zubeda aliona haya kweli. Lakini haya ya Zubeda haikai muda mrefu peke yake, hufuatwa na ukali. Aligeuka kwa watu.

"Sawa. Hamsini kwa arobaini. Lakini bega iko! Leo tuiteni mabega!"

Vigelegele vikalia. Sasa mambo yalikuwa matamu.

Desturi ya mabega ni hii. Mwenye mbao kumi au zaidi anaweza kumwazima mtu mbao zake siku ya kushusha boti. Hatii sahihi wala hasemi neno. Anakwenda tu, anaweka mkono juu ya bega la yule anayemtaka, na mbao zake zinahesabiwa kwake mpaka boti iguse maji. Wenye mbao mbili tatu, kama Godelieve, hao ni watu wa kamba. Na zaidi ya wanawake wale wawili, pale ufukweni mwenye mbao zinazofika kumi alikuwa mmoja tu.

Useni. Mbao ishirini.

Watu wote wakamgeukia. Upande huu mke wake. Upande ule mwanamke ambaye mke wake ametoka kumsingizia mbele ya mji. Na mkononi ana ukurugenzi wake mwenyewe, maana yeyote atakayeshinda ndiye atakayesema kama keshokutwa ana kazi au hana.

"Bwana Useni," Constance alisema kwa upole, "mi nikiwa mbele, mukurugenzi anatembea. Hakai kwa dirisha ya mutu."

Lo! Mwanamke huyu anajua kupiga. Niliona, na wote waliona, jicho la Useni likicheza kidogo kama kuku aliyeona punje.

Zubeda naye aliona. Alisimama tu na bega lake, bega lililovaa kitenge kile kile cha buluu cha boti ya kwanza, kilichopauka sasa, na akangoja. Mlio wa mawimbi ukasikika. Nadhani hakuwahi kumpenda Useni kama alivyompenda dakika ile, wala kumchukia hivyo.

Useni akatembea. Akapita mbele ya Constance. Akamwekea mke wake mkono begani.

"Arobaini na makumi mbili," Casimir alipiga kelele, "makumi sita!"

Wanawake wa Ubwari walirukaruka. Godelieve alijirusha mchangani. Zubeda alipiga kigelegele kimoja kirefu kilichowafukuza korongo majini, akaenda kwenye pua ya boti na kuuondoa mkono wa Constance kwa vidole viwili, kama mtu anayeondoa mwiba wa samaki kwenye sahani.

"Rudia Misisi, dada. Chukua na mandazi."

Constance hakuondoka.

"Papa Casimir," alisema, "maliza hesabu."

"Hesabu imekwisha," Zubeda alidakia.

"Haijaisha. Uliza zile za tumboni."

Casimir akajikuna. "Iko kweli, Mama Zubeda. Mbao inaweza kuzaliwa, na inaweza kuwa bado mu tumbo. Kampuni iliahidi batu mbao, ikasema: zitazaliwa siku boti ya tatu itafunuliwa. Boti imefunuliwa. Zimezaliwa leo."

"Ahadi kwa nani?"

Mwanamume mmoja mrefu alitoka kwenye kundi la mabaharia, kofia mkononi. Ni Jafari, nahodha wa boti ya kwanza. Kampuni ilimwambia: usiende kufanya kazi Kalemie, kaa na sisi mpaka boti ya tatu, utapata mbao ishirini. Alikaa. Wimbi na jua, alikaa.

Uso wa Zubeda ukang'aa. "Jafari! Kuja, ndugu yangu. Bega njo hii."

"Ndugu?" Jafari alisema. "Mama, mwaka jana mbele ya abiria wote uliniita mubeba-barua ya malaya. Ulisema kila nikivuka naenda kumuchukulia Useni banamuke. Batoto yangu walisikia. Haukuniombaka musamaha."

Akapita. Akaweka mkono juu ya bega la Constance.

Sabini kwa sitini.

Haya, msomaji. Mmemwona Zubeda akishindwa, akashinda, akashindwa tena, na jua halijafika utosini. Constance akarudisha mkono wake kwenye pua ya boti, taratibu, na watu wa kamba wakaanza kushika kamba. Zubeda alihisi vidole vya Useni vinalegea begani mwake. Mtu wa namna hiyo humjui mpaka hesabu zigeuke.

"Mukono yako isitoke," alimwambia bila kugeuka. "Ukiitosha nitakufa hapa."

"Papa Casimir," Constance aliita, "sema tuvute."

Casimir alikuwa anafuta miwani, na alipomaliza akaifuta tena.

"Iko ingine," alinong'ona, na kipaza sauti kikapeleka mnong'ono ule mpaka sokoni. "Moteur, injini ya boti ya pili."

"Moteur ilishalipwa!" Constance alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

"Haikulipwa. Mutu alikopesha kampuni moteur ya boti ya pili. Akasema: siku ya boti ya tatu nitachagua mwenyewe, mutanirudishia feza ao mutanipa mbao makumi tatu. Asubuhi hii amechagua. Anataka mbao."

"Mutu gani?"

Casimir alimwangalia Useni. Useni aliangalia ziwa.

Msomaji, mambo mengine yanaingia polepole, na mengine yanashuka kwenye pikipiki. Pikipiki ya Mboko ilikuwa imesimama juu, barabarani, na mwanamke alikuwa anashuka. Hakuwa na kucha nyekundu. Hakuwa mzuri wa kutisha. Alivaa hijabu ya rangi ya majani makavu, mtoto mgongoni, mwingine amemshika kidole. Akashuka mchangani, watu wakampisha bila kujua kwa nini wanampisha.

Yule mtoto wa kutembea alipomwona Useni, alichomoka na kukimbia.

"Baba!"

Sitaki kuwaelezea uso wa Zubeda. Baadhi yenu mnaujua, mmeuona kwenye kioo chenu.

Zubeda alimchunga Adolphine. Alimchunga Immaculée. Aliangalia Baraka, akaangalia Fizi mpaka akapanga nyumba. Mboko hakuangalia hata siku moja. Mboko ni njiani tu, watu hupita.

"Jina yangu ni Husna," mwanamke alisema. Alikuwa anamwambia Zubeda, si watu. "Shikamoo, yaya, dada yangu mukubwa. Useni alinioa mwaka wa boti ya pili. Aliniambia unajua. Juzi njo nilisikia haukujua. Nilifikiri nisikuje. Kiisha nikakuja."

"Moteur iko ya kwako?" Zubeda aliuliza. Hata mimi sikutegemea angeuliza hilo kwanza, lakini ulimi ukipigwa hutamka ulichokuwa nacho.

"Ya baba yangu, alikuwa na boti. Alikufa, nikabakia nayo. Useni aliniambia nikopeshe kampuni." Alimtazama mumewe kidogo, akaacha. "Nilikuwa nakuonea wivu sana, yaya. Jina yako iko ndani ya boti, kila ubao. Yangu haikuwa fasi yoyote. Hata kwa mulango ya nyumba yangu alikataa waandike."

Mwanamke wa tatu, na wivu wa tatu, ufuko mmoja. Kama ningetunga mngesema nimezidisha.

Constance alielewa hatari kabla ya wengine. "Mama Husna! Kuja huku. Huyu hatakupenda. Anakuchukia sasa hivi, muangalie. Bega yangu iko wazi."

Husna alimwangalia Constance. Akaangalia pete yake, kucha zake, mkono wake juu ya boti.

"We ni mugeni," alisema. "Mi na huyu tuko nyumba moja, hata kama hatukujuana. Boti ikienda kwako, boti haitasimama tena Mboko, na batoto yetu watakula nini?"

Yetu. Neno lile lilimwingia Zubeda kama maji ya moto.

Na Husna akaja. Hakuomba ruhusa. Akaweka mkono juu ya bega la pili la Zubeda, bega la kushoto, mkono mwembamba wenye harufu ya mafuta ya mawese.

"Arobaini!" Casimir alipagawa. "Na makumi mbili! Na makumi tatu! Makumi tisa kwa makumi saba! Mama Zubeda amepata!"

Hakuna aliyepiga kigelegele. Hata Godelieve alinyamaza. Walimwona mwanamke amesimama kati ya mikono miwili, wa mume upande huu na wa mke mwenzake upande ule, na wote walijua kwamba akikaa kimya vile vile tu, bila kufanya lolote, boti ni zake. Aliyoyataka yote yalikuwa pale. Ilikuwa ni kutokusogea.

Zubeda alimtazama yule mtoto, aliyeng'ang'ania kanzu ya Useni.

Halafu akapeleka mkono begani. Kila mtu alidhani atautupa mkono wa Husna. Husna mwenyewe alidhani, maana alifumba macho.

Zubeda alishika mkono wa bega la kulia, ule wa Useni. Alibandua kidole gumba. Akabandua cha pili. Vya mwisho vilijitoa vyenyewe.

"Huu mukono," alisema, "siujue."

"Zubeda!" Useni alisema. "Zubeda, utapoteza boti!"

"Nimechoka kuchunga huu mukono. Ubebe, uende nayo."

"Mama," Casimir aliita kwa hofu, "bila makumi mbili ya Useni uko na makumi saba. Na ule iko na makumi saba. Munalingana!"

Sabini kwa sabini. Watu wa kamba wakaachia kamba. Boti ikalalia upande kidogo, ikatulia. Na katikati ya wanawake wale, kwenye mchanga mtupu, Useni alibaki na mbao zake ishirini na mkono wake unaning'inia, hana pa kuuweka.

Constance aliinamisha kichwa. Akapiga bega lake mara moja, kwa kucha zile nyekundu, kama mtu anayepangusa vumbi.

"Bwana Useni," alisema. "Bega yangu haina bibi mwengine."

Useni alimwangalia. Akamwangalia Zubeda, kisha Husna, kisha mtoto aliyekuwa bado ameng'ang'ania kanzu yake. Akamtoa mtoto kwenye kanzu, polepole, kwa mkono ule ule. Akainua mguu.

Zubeda alihisi kile kitu kikimpanda tena kifuani. Alikifahamu vizuri, alikuwa amekilisha mgahawa mzima na nyumba ya Fizi. Alidhani amekitupa pamoja na mkono. Kumbe kilikuwa kimebaki, na safari hii hakikuwa kifuani mwake peke yake, maana vidole vya Husna vilikuwa vinamkaza bega mpaka vinauma.

"Yaya," Husna alinong'ona, "muite. Mi akiniitikia, nitajua ananipenda. We akikuitikia, anarudisha mukono kwa bega yako, boti inabakia. Muite we."

Useni alikuwa amebakiza hatua moja.

Zubeda akafungua kinywa.